TOM MBOYA: ALIKOSA KARO, HAKUKOSA LENGO

Katika toleo hili la mwaka huu wenzangu wa Chama cha Kiswahili wameniomba niandike maisha ya mtu mashuhuri aliyeiaga dunia zamani, ili sisi tulio hai tuchote busara kutokana naye. Sikukawia kuchagua. Nimemchagua Thomas Joseph Odhiambo Mboya, ambaye Wakenya walizoea kumwita Tom Mboya au TJ.

Najua baadhi yenu mtasema, aa, huyo si ni yule wa barabara? Ni kweli. Jijini Nairobi iko Barabara ya Tom Mboya, na hapo karibu, katika Moi Avenue, imesimama sanamu yake tangu mwaka wa 2011. Watu hupita hapo kutwa kucha, huyu anakimbilia matatu, yule anakimbilia kazi. Lakini hebu msimamishe mmoja wao umuulize Mboya alifanya nini hasa. Wengi watakuambia alikuwa waziri na aliuawa. Basi. Ni wachache wanaojua jambo lililonifanya nishike kalamu: kwamba bwana huyu, aliyewawezesha mamia ya vijana kwenda katika vyuo vikuu vya ng'ambo, yeye mwenyewe hakumaliza masomo ya sekondari. Hakuwa mtoro. Hakuanguka mtihani. Alikosa karo.

Neno hilo karo sisi tunalijua vizuri. Kila muhula ukianza, darasani mwetu huwa kuna madawati yasiyo na watu kwa wiki moja, mbili, hata tatu. Mimi mwenyewe nimewahi kukaa nyumbani nikisubiri ndizi za mama ziuzwe. Unapokaa hivyo, mawazo mabaya hukujia kama nzi. Unajiambia kwamba mambo yamekwisha, kwamba kusoma ni kwa wenye pesa, na kwamba heri utafute kibarua usahau kalamu. Ni kwa sababu ya wenzangu wenye mawazo kama hayo ninaandika makala haya.

Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo, si mbali sana na mji wa Thika. Wazazi wake walikuwa watu wa Kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Viktoria, lakini baba yake, mzee Leonard Ndiege, alikuwa amekwenda kutafuta riziki katika shamba kubwa la makonge la mzungu aliyeitwa Sir William Northrup McMillan. Mzee Ndiege alikuwa nyapara katika shamba hilo. Msidhani unyapara ulimtajirisha. Mshahara wa Mwafrika siku hizo ulikuwa wa kijungu jiko, na watoto walikuwa kadhaa.

Hata hivyo shamba hilo lilimpa Mboya mali ambayo haikuonekana kwa macho. Wafanyakazi walitoka makabila mbalimbali, kwa hiyo kijana huyu alikua akisikia lugha nyingi. Akajua Kijaluo cha nyumbani, Kikamba na Kikuyu vya majirani, na Kiswahili kilichowaunganisha wote. Wacha niwaambie, ninyi mnaoona somo la Kiswahili ni la kupitisha wakati: baadaye mtaona jinsi lugha zilivyomfaa Mboya kuliko vyeti.

Mwaka wa 1939 alipelekwa katika shule ya misheni ya Kikatoliki ya Kabaa, kule Ukambani. Mwaka wa 1942 akahamia Yala katika Nyanza, shule ya St. Mary's, na mwaka wa 1946 akaingia Holy Ghost College, Mang'u. Siku hizo shule za sekondari za Waafrika katika Kenya nzima zilikuwa za kuhesabu kwa vidole, na kijana aliyefika Mang'u alionekana kama nyota ya alfajiri kijijini kwao. Mboya alifanya mtihani wa kati mwaka wa 1947 akapita. Ilibaki miaka miwili tu apate kile cheti cha Cambridge ambacho kilikuwa ufunguo wa kila mlango.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Ndugu zake wadogo nao walitaka kusoma, na mfuko wa mzee Ndiege ulikuwa mmoja tu. Kama Tom angeendelea, wadogo wangekaa nyumbani. Aliondoka Mang'u bila cheti alichokuwa akikitazamia. Alikuwa na umri wa miaka kumi na saba, sawa na wengi wetu hapa.

Wasomaji wapenzi, naomba tutue hapa kidogo. Je, wewe ungefanya nini? Wapo ambao wangenuna mwaka mzima. Wapo ambao wangemlaumu baba. Wapo ambao wangekimbilia pombe. Mboya alifanya jambo la kawaida kabisa, tena lisilo na fahari. Aliuliza ni mlango gani ulio wazi sasa. Akapata habari kwamba Jeanes School, kule Kabete, kulikuwa na mafunzo ya wakaguzi wa afya, yaani wale tunaowaita bwana afya, na kwamba mafunzo hayo hayakudai karo. Akajiunga nayo mwaka wa 1948.

Sidhani kuna mtoto aliyelala usiku akiota kuwa mkaguzi wa vyoo na machinjio. Lakini Mboya hakuidharau nafasi hiyo. Alisoma kwa bidii, na huko Kabete wanafunzi wenzake wakamchagua awe kiongozi wao. Alipokuwa akiongoza mikutano ya wanafunzi alijifunza kusikiliza, kupanga hoja na kumkabili mkubwa bila kumtukana. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mboya aliinama.

Alipofuzu, aliajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi mwaka wa 1951. Hapo akakutana na ukoloni uso kwa uso. Mkaguzi mwafrika na mkaguzi mzungu walifanya kazi ile ile, lakini mwafrika alipewa sehemu ndogo tu ya mshahara wa mwenzake. Kuna kisa kimoja kinachojulikana sana. Siku moja Mboya alikuwa peke yake ofisini akipima maziwa. Mama mmoja wa kizungu akaingia na chupa yake ya maziwa, akatazama huku na huku, kisha akauliza kama kulikuwa na mtu yeyote humo. Mboya yuko pale pale mbele yake, mzima na koti lake! Machoni mwa yule mama mwafrika hakuwa mtu wa kuhesabiwa. Mboya akamuuliza kama macho yake yalikuwa na kasoro. Yule mama akawaka kama moto wa nyika.

Jibu hilo lilikuwa kali, na wengi hukipenda kisa hiki kwa sababu ya jibu. Mimi nakipenda kwa yale yaliyofuata. Mboya alitambua kwamba jibu kali haliongezi mshahara wa mtu hata senti moja. Hasira zake akazipeleka mahali zitakapofanya kazi. Aliingia katika chama cha wafanyakazi waafrika wa Baraza la Jiji, na kufikia mwaka wa 1952 kikawa chama kamili cha kuwatetea wafanyakazi wa serikali za mitaa. Mchana alikagua, jioni na siku za mapumziko alikuwa mikutanoni, akieleza watu haki zao na kuandika barua.

Tena hakuacha kusoma. Wakati huo huo alikuwa akisoma masomo ya uchumi kwa njia ya posta na chuo kimoja cha Afrika Kusini. Hebu fikirieni. Hakuna kengele ya kumwamsha, hakuna mwalimu wa zamu wa kumchungulia dirishani. Sisi hapa tunasubiri mwalimu atoke nje ndipo kelele zianze! Bidii ya kweli hupimwa wakati hakuna anayekutazama.

Mwezi wa Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari. Viongozi wengi wakakamatwa, na vyama vya siasa vya Waafrika vikapigwa marufuku. Vyama vya wafanyakazi ndivyo vilivyobaki vikiruhusiwa, ingawa kwa taabu. Mwaka wa 1953 Mboya akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, akiwa na umri wa miaka ishirini na mitatu. Mwezi wa Machi 1955 makuli wa bandari ya Mombasa waligoma. Mboya alikwenda akazungumza nao, akawasihi warudi kazini, huku akiwasemea mbele ya waajiri mpaka nyongeza kubwa ya mshahara ikapatikana. Katika bandari ile mlikuwa na watu wa pwani na wa bara, wa kila kabila na kila dini. Lugha iliyowafikia wote ni moja tu, na mnaijua. Kile Kiswahili cha utotoni, cha shamba la makonge, sasa kilikuwa silaha.

Mwaka huo huo wa 1955 alipata ufadhili wa kusoma kwa mwaka mmoja katika Chuo cha Ruskin mjini Oxford, Uingereza, chuo kilichowapokea hasa watu wazima waliotoka makazini bila vyeti vingi. Kwa hiyo kijana aliyetoka Mang'u mapema kwa kukosa fedha alifika Oxford miaka minane baadaye, kwa njia ya machinjio na vyoo vya Nairobi. Kabla ya kurudi nyumbani alizuru Marekani mwaka wa 1956, akapata marafiki ambao wangemfaa siku za usoni.

Mwaka wa 1957 Waafrika wa Kenya waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kuwachagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria. Nafasi zilikuwa nane tu. Mboya aligombea Nairobi akashinda. Mwezi wa Desemba 1958, mkutano mkubwa wa watu wa Afrika ulipofanyika mjini Accra, Ghana, yeye ndiye aliyechaguliwa kuwa mwenyekiti. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na minane.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko vyeo vyote hivyo. Mtu mwingine angesema, mimi nimevuka mto, wengine watajijua. Mboya hakusahau Mang'u. Aliona kwamba uhuru ulikuwa unakaribia, nayo nchi haikuwa na wahandisi, wanasayansi na wasimamizi wa kutosha. Makerere ilikuwa na nafasi chache, na Waingereza nao waliziona digrii za Marekani kama bidhaa hafifu. Lakini vijana wengi walikuwa wamekwisha kuandikiana na vyuo vya Marekani na kupata nafasi. Kilichowazuia ni nauli! Mtu ana barua ya chuo mkononi, lakini hana njia ya kuvuka bahari.

Mwaka wa 1959 Mboya alizunguka Marekani kwa majuma kadhaa, akihutubia huku na kule, akiomba nafasi za masomo na michango. Chuo Kikuu cha Howard kilimtunuku shahada ya heshima ya udaktari, yeye asiyekuwa na cheti cha Cambridge. Watu mashuhuri kama mchezaji besiboli Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier walitia sahihi barua ya kuomba michango, na maelfu ya watu wa kawaida wakatoa walicho nacho. Huku nyumbani nako jamaa na wanavijiji walichanga, kila mtu kwa uwezo wake. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Mwezi wa Septemba 1959 ndege ilitua New York ikiwa na wanafunzi 81. Mwaka uliofuata fedha zikapungua, na wanafunzi walikuwa wengi zaidi. Mboya alikwenda kumwona Seneta John F. Kennedy, na wakfu wa jamaa ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Kati ya mwaka wa 1959 na 1963 wanafunzi karibu 800 wa Kenya na nchi jirani walikwenda kusoma kwa mpango huo. Mmoja wao, aliyeondoka mwaka wa 1960, alikuwa msichana kutoka Nyeri aliyekuja kujulikana kama Profesa Wangari Maathai. Mwaka wa 2004 alipata Tuzo ya Amani ya Nobel, mwanamke wa kwanza mwafrika kuipata. Wasichana wenzangu, mnasikia?

Kenya ilipoelekea uhuru, Mboya alikuwa katibu mkuu wa KANU tangu chama hicho kilipoundwa mwaka wa 1960, na alishiriki katika mikutano ya katiba kule Lancaster House, London. Alikuwa Waziri wa Kazi, kisha wa Sheria na Mambo ya Katiba, na mwishowe wa Mipango na Maendeleo ya Uchumi. Ile taarifa ya serikali ya mwaka wa 1965 iliyoeleza siasa ya ujamaa wa Kiafrika na mipango ya uchumi ilitayarishwa chini ya uongozi wake. Alikuwa na wapinzani wengi pia, kwa maana alikuwa binadamu na siasa ni siasa. Sikusudii kuyaingilia hayo hapa.

Siku ya Jumamosi, tarehe 5 Julai 1969, alipokuwa akitoka katika duka la dawa kwenye Government Road, ambayo sasa ni Moi Avenue, alipigwa risasi akafa. Alikuwa hajatimiza miaka thelathini na tisa. Nchi nzima ilitikisika. Alizikwa katika Kisiwa cha Rusinga, na kaburi lake liko huko hata leo.

Mwenzangu mmoja aliposoma makala haya kabla hayajapigwa chapa aliniambia kwamba Mboya alikuwa na bahati na kipawa, na kwamba si kila mtu anaweza kuwa Mboya. Nakubali mia kwa mia kwamba si kila mtu anaweza kuwa waziri. Lakini hebu tazameni tena. Ilikuwa bahati gani kukosa karo? Ilikuwa bahati gani kulipwa kidogo kuliko mwenzako wa kazi ile ile? Kipawa alikuwa nacho, ndiyo, lakini kipawa hakimsomei mtu masomo ya posta usiku. Na kwa maoni yangu siri yake ni hii: lengo lake halikuwa jina la kazi. Kama lengo lake lingekuwa cheti cha Cambridge tu, lingekufa mwaka wa 1947. Lengo lake, nionavyo kutokana na matendo yake, lilikuwa kujielimisha na kuwafaa watu wake, na lengo la namna hiyo halifungiwi mlango. Ukilizuia huku, linatokea kule.

Basi ndugu zangu, tukiulizwa malengo yetu tusijibu udaktari, urubani na uwakili kisha tukaishia hapo. Ninawaomba mambo matatu. Kwanza, kila mmoja ajiulize anataka kumfaa nani na kwa jambo gani, kisha aandike ndani ya daftari lake lengo dogo la muhula huu, linaloweza kupimwa. Anayepata alama arobaini katika hesabu aandike hamsini na tano, si mia. Haba na haba hujaza kibaba. Pili, mlango mmoja ukifungwa, tuuangalie ulio wazi hata kama hauna fahari. Vyuo vya ufundi si jalala la walioshindwa, kama vile Kabete halikuwa jalala la Mboya. Tatu, anayevuka asivunje daraja. Kama wewe unaelewa fizikia, mwelekeze mwenzako. Mwenzetu akikaa nyumbani kwa karo, tumwandikie notisi na tumpelekee, asirudi akajikuta mgeni darasani. Jambo hilo halihitaji ndege wala dola za Marekani, linahitaji kalamu na moyo tu.

Kwenu watahiniwa wa mwaka huu, nawatakia kila la heri, na mkumbuke kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Na kwako wewe ambaye muhula ujao dawati lako huenda likawa tupu kwa wiki kadhaa, daftari lako lisiwe tupu. Lichukue uende nalo nyumbani.